Kinyume cha Thumuni

Kadhi alipogawa mikarafuu ya Mtambwe
hakushika kalamu.
Ishirini na minne. Sudusi kwa mama mkwe: minne.
Thumuni kwa mjane: mitatu.
Iliyobaki, mtoto wa kiume.
Nikaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa,
na mimi hesabu nimeanguka mara mbili,
ya kwanza nna miaka kumi na saba,
ya pili nna mimba.

Sasa nna thalathini na sita.
Mtahiniwa wa kujitegemea:
risiti ya ada nimeificha
ndani ya kopo la vifungo.
Chuo cha afya hawaulizi nashona vipi.

Usiku, Wete imeshafunga milango,
Shaame anasogeza kigoda kwenye cherehani.
Kidato cha pili, ndevu bado,
mwenye mikarafuu kumi na saba, na mwalimu wangu.
"Mama, namba ya juu ni kiasi. Ya chini, asili."
Asili naijua. Asili yangu Kiuyu, kwa bibi mzaa mama.
Lakini mtoto huyu anasema, pindua sehemu
na kiasi kitakuwa asili,
asili itakuwa kiasi,
nami nacheka peke yangu,
maana mtaani hapa watu wamenuniana miaka
kwa neno hilo hilo.

"Na ya juu ikiizidi ya chini?"
"Hiyo sehemu guni."
Guni! Kama shairi lililopungukiwa mizani.
Akanitungia ubeti wa kugawa sehemu,
nisije nikasema darasa la fasihi analala:

    Ya kwanza siisogeze, iache ilivyokaa,
    Alama uigeuze, kugawa kuwe kuzaa,
    Ya pili ielekeze, kichwa chini, nyayo paa,
    Kisha mama ujikaze, zidisha bila hadaa.

Nimehesabu kwa vidole, mstari kwa mstari.
Kumi na sita. Si guni.

Swali la tisa, karatasi ya mwaka juzi:
namba na kinyume chake, jumla mbili na sudusi.
Tafuta namba.
Daftari limejaa, hata majalada.
Juu ya meza kitambaa cha buibui la Bi Mkasi,
cheusi kuliko ubao wowote niliowahi kukaa mbele yake,
na chaki ya fundi i mkononi.

Eksi, jumlisha moja juu ya eksi.
Nikazidisha kote kwa eksi, kote kwa sita,
asili zikadondoka kama nyuzi za kushikizia.
Kumi na tatu ikanigomea.
Nikaipasua kwenye mshono wake: nne huku, tisa kule,
mabano yakakubali.

Thuluthi mbili.
Na moja na nusu.

"Majibu mawili, Shaame. Nimekosea wapi?"
"Hujakosea. Hilo ni moja, limegeuzwa tu."
Hapo sikuhitaji mwalimu.
Kanzu ukiivaa ndani nje
bado ni kanzu ya mtu yule yule.

Kinyume cha thumuni?
Nane. Sikufikiri hata.
Mitatu yangu mara nane, ishirini na minne:
shamba zima likasimama tena kama alivyoliacha,
na yeye kwenye ngazi, kikapu kiunoni,
akilalamika siafu.
Kwa muda wa kuzidisha tu.

"Na sifuri?"
"Sifuri haina kinyume, mama."
"Kwa nini?"
Akakuna kichwa. "Ukiiweka chini, haibebi kitu."
Nikamtazama, nikamwambia akalale.

Asubuhi Bi Mkasi amelifuata buibui lake,
ana arusi Limbani, gari linamngoja.
Nilikuwa nimepiga brashi mpaka mkono unauma.
Akalivaa, akazunguka, akasifu.
Alipoinua mguu kuvuka kizingiti
pindo likafunuka kidogo,
na ndani yake, nyeupe, ya mwandiko wangu,
mbili juu, tatu chini.

Sikumwita.